Vitambaa vya Rangi

Juzi binti yangu alirudi kutoka mjini na blauzi ya kufumwa kwa kroshia, ya rangi ya chungwa na zambarau, yenye matundu ya kuonyesha tumbo. Akajizungusha mbele yangu akaniuliza kama imempendeza. Badala ya kumjibu nikamwambia aivue. Alidhani nimekasirishwa na tumbo. Nikaichukua, nikaigeuza ndani nje, nikapapasa pindo mpaka kwenye kona. Hapo nikajua kwamba ugonjwa wa mama yangu nimeurithi mzimamzima. Siwezi kuona kitu kizuri nikakiamini. Lazima nikigeuze kwanza, nione ni mkono wa nani.

Wenzangu mliokulia Eastlands ya Nairobi miaka ya tisini hamhitaji kuelezwa habari za vitambaa. Sisi tulikaa Shauri Moyo, chumba kimoja cha halmashauri ya jiji, kitanda cha wazazi nyuma ya pazia na makochi mbele ya pazia. Kila kilichoweza kufunikwa kilifunikwa. Kochi lilikuwa na kitambaa cha kichwa na vya mikono, stuli zilikuwa na vyake, thermosi ilikuwa na chake, na hata redio ilivaa. Nyumba isiyo na vitambaa watu waliiita nyumba ya kapera, hata kama mwenye nyumba ana mke na watoto wanne. Mke ndiye vitambaa. Hivyo ndivyo mtaa ulivyosoma nyumba, tangu mlangoni, kabla ya kuvuka kizingiti.

Mama alifuma vyeupe tu. Jumamosi alivifua, akavichovya kwenye uji mwepesi wa unga wa ngano ili vikauke vikiwa vimekakamaa, maana wale waliotumia maji ya sukari walipata vitambaa vigumu na sisimizi juu yake. Kisha alivitandaza vikiwa bado na unyevu, akavivuta kona kwa kona, na mimi nikaruhusiwa kushika upande mmoja. Nilipenda kulala chali chini ya dirisha nikiwa nimejifunika kimoja usoni. Jua lilipita kwenye yale matundu likaniangukia kwa vipande vidogovidogo, na nikihema kitambaa kilipanda na kushuka na jua likacheza. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kuliko hicho, na nimezunguka kidogo duniani.

Kona za mama zilikuwa na jani. Wanawake wengine walipofika kwenye kona waliongeza mishono wakageuka, basi. Mama aliruka tundu moja, akarudi nyuma, akatoa jani dogo lililochungulia nje. Alifundishwa na kukhu, mama yake, huko Bungoma, na hakumfundisha mtu. Akina mama wa kanisa waliazima vitambaa vyake waende wahesabu matundu wakaige, na katikati waliiga vizuri sana, lakini kona ziliwashinda. "Hiyo ni siri ya ukoo," mama aliwaambia akicheka.

Mtu mmoja tu aliyefundishwa siri hiyo ni Mama Rosa. Alikaa jengo la pili kutoka letu, mjane aliyeuza mapazia ya mitumba sokoni Gikomba, na binti yake Rosa alikuwa shule ya bweni. Usiku ule mama alipojifungua mdogo wangu Wafula, Mama Rosa ndiye aliyemshika mpaka gari likapatikana. Mama alisema mtu wa namna hiyo humfichi kona. Nawakumbuka jioni wamekaa ukingoni mwa kitanda, magoti yanagusana, mama amevishika vidole vya rafiki yake kama anamfundisha mtoto kuandika.

"Usikaze uzi hivyo, dada, unauchinja."

"Ukilegea unanitoka!"

"Wacha utoke. Utarudi. Rudi nyuma moja... sasa toa jani."

Jani lilipotoka Mama Rosa alipiga kigelegele, akamkumbatia mama, nami nikapiga makofi.

Sasa, kila mwaka mvua ilipokaribia mama alikwenda nyumbani kupanda. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu waliotoka magharibi walifanya hivyo. Mume yuko kazini, watoto wako shule, shamba linangoja, mke anabeba mbegu anakwenda, anakaa mpaka palizi ya kwanza iishe. Kabla ya kuondoka mama alivua nyumba yote. Vitambaa vilifuliwa, vikakunjwa, vikafungiwa kwenye sanduku chini ya kitanda ili moshi wa jiko na sigara za baba visivifikie. Makochi yalibaki uchi, na mimi nikajua sasa tumeingia msimu wa ugali wa baba.

Mwaka huo ninaousema nilikuwa darasa la tatu. Mama aliondoka na Wafula mgongoni. Baba alikuwa zamu ya usiku kiwandani, Viwandani huko kwenye mabati na moshi, kwa hiyo mchana alikuwa nyumbani akilala na mimi nilikuwa shuleni. Jioni tulipishana. Alinipikia, akaniambia nifunge mlango kwa komeo, na jirani yetu, mama yake rafiki yangu Akinyi, alikuwa nyuma ya ukuta tu nikihitaji kitu.

Nilirudi kutoka shule siku moja nikakuta pazia la dirisha limefungwa katikati kwa utepe mwekundu. Hicho tu. Lakini jua lilikuwa limeingia mpaka chini ya meza, mahali ambapo halikuwahi kufika, na nikasimama mlangoni na begi langu nikitazama vumbi likielea. Siku iliyofuata glasi ya maji ilikuwa mezani na tawi la maua mekundu ya bougainvillea, yale yanayomea kwenye ua wa chekechea. Kisha marinda ya sketi yangu ya shule yakapigwa pasi makali, nikatembea nayo nikiogopa kukaa. Kisha, juu ya kochi la baba, kikatokea kitambaa cha waridi na kijani kibichi.

Cha rangi! Mimi sikujua kwamba vitambaa vinaweza kuwa na rangi. Nilikigusa kwa kidole kimoja. Kesho yake kikaja cha samawati chenye ukingo wa njano, kikavishwa redio. Kila alasiri kengele ilipolia nilikimbia kutoka shuleni bila kumsubiri Akinyi, nikapita vyoo na majiko ya pamoja na wanawake waliokuwa kwenye mfereji, nikaingia kutafuta ni nini kipya. Na kila mara kilikuwapo. Baba alikuwa akinawa uso kwenye beseni, anaimba kwa pua. Baba yangu, mtu wa maneno machache kama anayalipia!

"Baba, nani ameleta hivi?"

Akajipangusa uso taratibu, mpaka nyuma ya masikio. "Si unataka mama yako akute nyumba nzuri?"

Nilitaka. Basi nikaelewa. Baba alikuwa anamwandalia mama. Alikuwa anakwenda sokoni badala ya kulala, ananunua vitambaa, anachuma maua, anafunga utepe kwa vidole vyake vinene, ili mama akirudi na tope lake miguuni akute makochi yamevaa nguo za sikukuu. Nilimpenda baba siku zile jinsi ambavyo sijampenda tangu wakati huo. Nilipoona mabaki ya unga wa chapati kwenye ubao nilijua amejifunza na chapati pia.

Akinyi alikuja kucheza, akageuka kila upande akiitazama nyumba.

"Ee, keja yenu imejipa! Nani anawapangia?"

"Fathee."

"Fathee gani anajua kukunja hivyo? We, acha zako."

"Si unaona mwenyewe?"

Mama yake naye alinisimamisha mlangoni akipeta mchele. "Nasimiyu, siku hizi nyumba yenu inang'aa. Mwandikie mama yako arudi aone."

"Atarudi palizi ikiisha," nilimjibu, nimejaa fahari.

Akanitazama, akatikisa kichwa, akarudia mchele wake. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Kuta za halmashauri zilikuwa nyembamba, na mwanamke hawezi kuingia kwenye jengo letu mchana na kapu la uzi asionekane. Walijua wote, wakanitumia mimi, mtoto wa miaka minane, kuwa barua yao. Watu hupenda kusema kwamba zamani mtaa ulilea mtoto. Labda wenu.

Mama alirudi wiki shule zilipokaribia kufungwa. Alikuwa mweusi kwa jua, amekonda, viganja vimepasuka, Wafula amelala mgongoni na gunia la viazi vitamu kichwani. Nilimvuta mkono kabla hajalitua gunia.

"Mama, ona! Baba amekushangaza! Ona redio! Ona na pazia!"

Alitua gunia. Akamlaza Wafula kitandani, akatazama kitanda kwa muda kidogo, kisha akaja mbele. Alikichukua kile cha waridi na kijani. Hakukitazama usoni kama mimi. Alikigeuza nyuma, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, mpaka kona.

Jani lilikuwapo.

"Baba yako ndiye aliyeweka?" akaniuliza.

"Ndiyo. Mimi hukuta tu nikitoka shule. Kila siku kitu kipya."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Ni vizuri?"

Akakirudisha juu ya kochi, akakinyoosha kwa kiganja, akakisogeza kidogo kikae sawa. Vidole vyake vilikwaruza uzi. "Ni vizuri, mayi, mwanangu," akasema. "Ni vizuri sana. Anakaza uzi bado, lakini ni vizuri." Nami nikaruka ruka kwa furaha, maana kazi ya baba ilikuwa imekubaliwa.

Kama mngemjua mama yangu mngetarajia kelele. Huyu alikuwa mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi wa sufuria mpaka Gikomba akiwa na mimba. Lakini siku hiyo alipika viazi, akamwamsha baba kwa chai, akamuuliza habari za kazi. Baba alijibu kwa makini, akinitazama mimi. Vitambaa vya rangi vilibaki mahali pake, na mama hakufungua sanduku la vyeupe.

Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikutana Jumamosi alasiri, nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ikafika. Siku kama hiyo mama alitandika vyeupe vyake vipya, na wanawake wakiingia walisifu kwanza vitambaa ndipo wakasalimia watoto. Asubuhi ile alivikusanya vyote vya rangi, akavifua, akavitia uji, akavipiga pasi. Akatandika makochi, stuli, redio, meza, thermosi. Kilichobaki akakitundika ukutani kwa msumari.

"Mama, na vyeupe?"

"Acha vipumzike."

Nilifikiri amevipenda kiasi hicho. Wakaja. Wa kwanza alisema hodi, akaingia hatua moja, akasimama, na aliyemfuata akamgonga mgongoni. "Karibuni, karibuni mketi," mama akasema. Walikaa pole pole, hakuna aliyeegemea. Wote walikuwa wamewahi kuviazima vitambaa vya mama na kushindwa na kona zake. Na uzi ule mkali wa waridi walikuwa wamekaa nao kanisani mwezi mzima, ukichomoza kwenye kapu la mwenzao. Mama Rosa aliingia wa mwisho, na sahani ya mandazi iliyofunikwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa kochi la baba.

Mimi nilipeleka vikombe. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alijaribu kuokoa hali. "Mama Nasimiyu, hizi vitambaa umeshona lini? Si ulikuwa nyumbani unapanda?"

"Si mimi nimeshona," mama akasema, akimimina chai bila kumwaga tone. "Nilienda kupanda, nikarudi nikapata zimeota."

Kijiko kiligonga kikombe. Nikaona ni aibu kwamba hakuna anayesifu, nikasema kwa sauti, "Ni baba alileta! Alimwekea mama!" Mwanamke mmoja akakohoa, akakohoa tena. Mama Rosa alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Mama Rosa, kunywa chai, inapoa," mama akasema. "Na tukimaliza utatufungia kwa maombi."

Naye akaomba, angefanyaje? Alimshukuru Mungu kwa nyumba hii na mwenye nyumba, akashukuru kwa safari ya kwenda na kurudi, akakwama. Wakaitika amina kabla hajafika mwisho. Walipotoka walimshika mama mkono mmoja mmoja, wakaubana kwa nguvu, macho chini, na mama alisimama wima. Nafikiri aliamini ameshinda. Nafikiri aliamini kwamba wanawake wale, wakiwa wameona kwa macho yao, watasimama naye. Watu huniambia nisijilaumu kwa mdomo wangu wa siku zile. Mimi sijilaumu hata kidogo. Mtoto aliona kizuri akakiita kizuri. Waulizwe wakubwa.

Baba alizipata habari kabla ya jua kutua. Nilikuwa nyuma ya pazia na Wafula.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Nimepamba nyumba yako tu, Baba Nasimiyu. Nimetumia ile uliniwekea."

"Shamba linataka mtu," baba akasema. "Mimi siwezi kulipa watu wapalilie na mke ninaye. Utarudi nyumbani."

Hivyo ndivyo ilivyofanywa, na ilifanywa vizuri sana. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna aliyepigwa. Ukiuliza uliambiwa mama yuko nyumbani anaangalia shamba, na nani atakataza shamba? Mimi nilibaki kwa sababu ya shule. Mama aliondoka na Wafula na sanduku la vyeupe, na kabla muhula haujafika katikati Mama Rosa alikuwa amehamisha kitanda chake akakileta kwetu. Zamu ya kikundi ilipozunguka ikafika tena nyumba yetu, wanawake walewale wakaja. Wakasimama mlangoni wakasema, jamani, mkono huu! Wakaegemea makochi. Wakanywa chai wakamaliza. Sijawasamehe, na wengine wao wamekwisha kufa.

Nitawaambia kilichonikera zaidi, nacho ni hiki: Mama Rosa hakuwa mbaya. Hakunipiga, hakuninyima. Chakula chake kilikuwa kitamu. Jumapili alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka mistari myembamba, iliyopinda nyuma ya sikio ikakutana kisogoni, mpaka walimu wakaniita mbele ya darasa nionwe. Nilitaka awe mchafu. Nilitaka nirudi nikute nyumba inanuka. Kila siku nilirudi nikakuta kitu kimeng'aa, na kila siku jicho langu, kabla sijaliwahi, likapenda.

Agosti nilipelekwa nyumbani kwa mama. Alikuwa anakaa kwenye nyumba ya udongo nyuma ya jiko la kukhu. Kitambaa kimoja cheupe kilifunika mtungi, kingine kilitumika kuchujia maziwa na kilikuwa kimegeuka kijivu. Hakuwa na uzi popote. Alinikumbatia, kisha mkono wake ukapanda kichwani kwangu ukasimama.

"Nani amekusuka?"

Alipitisha kidole kwenye mstari mmoja, kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Akaleta kigoda nje, akanikalisha chini, akaanza kufumua. Aliifumua yote, kuku wakizunguka. Halafu akajaribu kunisuka yeye. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa jembe, viganja vimepasuka, nywele zinanasa kwenye nyufa. Mistari ilikwenda upande, mmoja mnene, mmoja mwembamba, mingine ikakutana katikati ya kichwa bila mpango. Aliyekuwa akitoa jani kwenye kona hakuweza tena kunyoosha mstari. Alipomaliza hakuleta kioo. "Itakutosha," akasema.

Nilirudi Nairobi nayo hivyo. Mama Rosa aliponiona alichukua kitana akanyoosha mkono, nami nikamwambia asiniguse. Lilikuwa neno la kwanza baya kumwambia. Jumapili akajaribu tena, nikajifungia kwenye choo cha mtaa mpaka Akinyi akaja kunitoa. Shuleni walinicheka. Mistari ikalegea, ikaingia vumbi, ikasokotana, ikatoa harufu, na sikumruhusu mtu. Ilikuwa mibaya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na kitu ambacho hakikuwa na uzuri wowote na sikutaka kingine. Mwishowe mwalimu akaita mzazi, akasema mtoto huyu anyolewe au asirudi.

Baba ndiye aliyenipeleka kwa kinyozi. Nilipoona mashine nilianza kulia, nikatupa mateke, nikakataa kukaa, mpaka kinyozi akauliza mtoto huyu ana nini. Baba alipiga goti mbele yangu, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, akakituliza, na kinyozi akaitoa kazi ya mama yote mpaka ngozi ikabaki.